Angepima Mwingine, Angeona Nini? Utangulizi wa Elimu ya Vipimo vya Matokeo

Kila utafiti wa tiba, uwe wa dawa, wa chanjo au wa upasuaji, mwishowe hufika kwenye swali la kawaida kabisa: mgonjwa amekuwaje? Anayelijibu ni mtu. Anatazama picha, anasoma mashine ya presha, anahesabu vimelea kwenye hadubini, au anaketi kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba na kumhoji mgonjwa. Jibu lake huandikwa kwa tarakimu, tarakimu huingia kwenye kompyuta, na kuanzia hapo hakuna anayemkumbuka. Elimu ninayokukaribisha humu inamkumbuka. Inauliza: kama angetumwa mwingine, au yeye mwenyewe arudi wiki ijayo, je, angeandika tarakimu ile ile?

Nawaandikia matabibu, wauguzi, wanafunzi wa udaktari na wahudumu wa afya ya jamii wa Migori na Homa Bay, ambao kwa miaka mingi wamezoea kuona magari ya watafiti yakiingia vijijini. Wengi wao wamewahi kuajiriwa kama wapimaji. Hisabati itakayohitajika ni ya kujumlisha na kugawanya tu.

Mlango nitakaowaingizia si malaria, ingawa tutaifikia. Ni ugonjwa ambao hautajwi sana Masara, kwenye machimbo ya dhahabu ya Suna Magharibi: aneurizimu ya ubongo, yaani uvimbe unaojitokeza pale ukuta wa ateri ulipolegea, hasa kwenye maungio ya ateri zilizo chini ya ubongo. Inakadiriwa kwamba watu wazima wapatao 3 kati ya 100 duniani wanao uvimbe huo bila kujua. Presha na sigara huuchochea. Ukipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo, na mtu hushikwa ghafla na maumivu ya kichwa ambayo hajawahi kuyaonja maishani. Wengi hufa. Mchimbaji wa Masara akianguka hivyo ataanzia zahanati, pengine apimwe malaria kwanza, kisha Migori mjini, kisha Kisii au Kisumu, na mara nyingi hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kwa barabara.

Nimeuchagua ugonjwa huu kwa sababu matatizo yote ya upimaji yamekusanyika ndani yake, na kwa sababu wanaoutibu wamekuwa wakali kuliko wengi katika kujikagua.

Zamani tiba kuu ilikuwa moja: fuvu linafunguliwa na shingo ya uvimbe inabanwa kwa klipu. Mapema miaka ya 1990, Guido Guglielmi na wenzake walileta njia ya kupitisha katheta kwenye mshipa wa paja hadi ubongoni na kuujaza uvimbe kwa koili laini za platini. Mgonjwa hupona haraka zaidi, lakini kuna shaka: je, uvimbe umezibika kweli? Hapo ndipo picha inapohitajika. Jean Raymond na wenzake wa Montreal walitunga mizani ya daraja tatu tu: uvimbe umezibika wote, shingo imebaki wazi, au sehemu ya uvimbe wenyewe bado inapitisha damu. Daraja tatu, picha moja, daktari bingwa. Ungedhani hakuna nafasi ya kukosana.

Ipo, tena kubwa. Shingo iliyobaki huonekana pembe moja ya picha na kupotea pembe nyingine. Koili zenyewe hutia kivuli. Na mpaka kati ya "shingo" na "uvimbe" unategemea jicho la mtazamaji. Ukimpa bingwa huyo huyo picha zile zile baada ya wiki kadhaa, zikiwa zimechanganywa, baadhi atazipa daraja jingine. Kuna jambo linalonisumbua zaidi: katika tafiti nyingi, aliyezitia koili ndiye aliyesoma picha na kutoa alama. Waliokusanya majaribio mengi na kuyalinganisha walikuta kwamba picha zikisomwa na wasomaji huru wasiomjua mgonjwa wala daktari wake, matokeo mabaya huripotiwa zaidi. Sidhani madaktari hao wanadanganya. Aliyekesha akiokoa uhai wa mtu huona kile anachotumaini kukiona, na ndiyo maana kazi ya kutoa alama apewe mwingine.

Hapa tunahitaji chombo cha kupimia makubaliano, na asilimia tupu haitoshi. Chukua wagonjwa ambao 9 kati ya 10 wamepona vizuri. Wapimaji wawili wakitoa alama kwa kubahatisha huku wamefumba macho, kila mmoja akisema "amepona" mara 9 kwa 10, watakubaliana mara 82 kati ya 100. Kwa hiyo wapimaji wanaojisifu kwa makubaliano ya asilimia 90 wameipita bahati kwa hatua 8 tu kati ya hatua 18 zilizowezekana, yaani 0.44. Hesabu hiyo inaitwa kapa, na aliyeitunga ni Jacob Cohen mwaka 1960. Sifuri maana yake ni bahati tupu, moja ni makubaliano kamili. Mwaka 1977 Landis na Koch waligawa kapa katika makundi yenye majina ya kupendeza, na tangu hapo watafiti hunukuu majina hayo kama sheria, ilhali wenyewe walikiri kwamba mipaka hiyo waliichora tu bila msingi maalumu. Kapa ya 0.6 inaweza kutosha kwa uchunguzi wa kijumla na isitoshe kabisa pale inapoamuliwa kama mtu arudishwe kwenye chumba cha upasuaji.

Lakini picha si mgonjwa. Ndugu zake hawaulizi kama shingo ya uvimbe imeziba. Wanauliza kama atarudi kazini, kama ataongea, kama atakumbuka majina ya watoto. Kwa hilo watafiti wa kiharusi na wa aneurizimu hutumia mizani ya Rankin. John Rankin, daktari wa Glasgow, aliichapisha mwaka 1957 ikiwa na daraja tano. Baadaye ikarekebishwa na sasa huanzia 0, asiye na dalili yoyote, hadi 6, aliyefariki. Daraja la 2 ni mtu asiyeweza kufanya yote aliyoyafanya zamani, lakini anajimudu bila msaada. La 3 ni anayehitaji msaada kiasi, ila anatembea mwenyewe. Kati ya 2 na 3 ndipo wengi huchora mstari unaowatenga waliopona vizuri na wategemezi.

Mwaka 1988 van Swieten na wenzake huko Uholanzi walifanya jambo rahisi ambalo lilipaswa kufanywa zamani. Wagonjwa 100 walihojiwa na madaktari wawili, kila daktari kwa wakati wake bila kujua mwenzake aliandika nini. Madaktari walikubaliana kwa wagonjwa 65. Kwa 32 walipishana daraja moja, na kwa 3 walipishana daraja mbili. Kapa ilikuwa 0.56. Ukiipa kapa uzito, yaani ukiyahesabu makosa madogo kuwa madogo, inapanda hadi 0.91, na watafiti wengi hupenda kunukuu hiyo ya pili. Mimi hupenda kuuliza ni wangapi kati ya wale 32 walipishana hasa kwenye mstari wa 2 na 3, maana hao ndio wanaohama kutoka "amepona" hadi "tegemezi" kwa kubadilisha mhojaji tu.

Linganisha na matokeo ya jaribio kubwa kuliko yote katika fani hii, ISAT, lililotangazwa katika jarida la Lancet mwaka 2002. Wagonjwa 2,143 waliopasukiwa na aneurizimu waligawanywa kwa kura, wengine klipu, wengine koili. Baada ya mwaka mmoja, waliofariki au kuwa wategemezi walikuwa asilimia 23.7 upande wa koili na 30.6 upande wa klipu. Tofauti ni kama watu 7 kwa kila 100, na ilibadilisha upasuaji duniani. Mwanafunzi makini atauliza papo hapo: kama wapimaji hupishana kwa mgonjwa 1 kati ya 3, tofauti ya watu 7 ina maana gani?

Swali hilo ndilo kiini cha elimu hii. Makosa ya wapimaji ni ya aina mbili. Yapo yanayoangukia pande zote mbili sawasawa, na haya hayazalishi tofauti isiyokuwepo. Kwa kawaida huifinya ile iliyopo, kwa kuwa baadhi ya waliopona huandikwa wategemezi na baadhi ya wategemezi huandikwa wamepona, hadi makundi mawili yakaribiane. Gharama yake ni wagonjwa: jaribio lenye kipimo kilegevu huhitaji kusajili watu wengi zaidi ili kuuona ukweli ule ule, na tiba inayofaa inaweza kutupwa kwa sababu haikuonekana. Aina ya pili ni makosa yanayoegemea upande mmoja, kama yale ya daktari anayejisomea picha zake. Hayo huzalisha tofauti hewani, na kuongeza wagonjwa hakusaidii. Waendeshaji wa ISAT walijikinga kiasi kwa kuwatumia wagonjwa hojaji kwa posta, wajijazie wenyewe, badala ya kumwachia daktari aliyetibu.

Sasa ipeleke mizani hiyo Masara.

Hojaji moja iliyotungwa kuirahisisha mizani ya Rankin humwuliza mgonjwa kama angeweza kuishi peke yake bila msaada wa mtu mwingine. Katika boma la Migori, nani anaishi peke yake? Mzee mwenye afya njema huandaliwa maji ya kuoga na huwekewa chakula mezani. Mzee kama huyo akipasukiwa na aneurizimu, mhojaji aliyekulia mtaa wa Nairobi ataandika 3, kwa kuwa mzee anapikiwa. Mhojaji mzaliwa wa Suna ataandika 1, kwa kuwa mzee huyo hajawahi kupika tangu azaliwe. Wote wawili wamefuata maelekezo. Mpeleke mhojaji kwa mama wa boma la jirani mwenye jeraha lile lile la ubongo: siku ya kwanza aliposhindwa kuinua ndoo na kuwasha moto, kijiji kizima kilijua. Yeye atapata 3 bila ubishi. Mizani iliyokusudiwa kupima ubongo imeishia kupima mgawanyo wa kazi za nyumbani.

Kuna pia suala la anayejibu. Mgonjwa wa aneurizimu mara nyingi husahau alichosahau, kwa hiyo mhojaji humgeukia aliye karibu. Mkaza mwana hawezi kueleza mbele ya watu namna baba mkwe wake anavyosaidiwa kuoga; atasema "baba anaendelea vizuri", na heshima yake itaingia kwenye takwimu kama nafuu. Mtoto wa kiume aliyetoka mjini wikendi atasema hali ni mbaya, kwa sababu anamlinganisha na baba aliyemwacha mwaka uliopita. Na kama mgonjwa ni mchimbaji aliyechoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwa miaka, mikono yake inaweza kuwa ilikuwa ikitetemeka kabla mshipa haujapasuka. Mpimaji mmoja ataihesabia aneurizimu tetemeko hilo, mwingine ataihesabia zebaki.

Dawa iliyopendekezwa na wengi ni mahojiano yenye maswali yaliyopangwa. Lindsay Wilson na wenzake waliyatunga, na mwaka 2002 waliripoti kwamba makubaliano yalipanda sana. Tafiti za baadaye hazikuona faida kubwa kiasi hicho. Mimi naamini mpangilio husaidia, lakini maswali yakishapangwa vibaya, wahojaji watakubaliana vizuri sana juu ya jambo lisilo sahihi. Kwa Masara ningeondoa swali la kuishi peke yake na kuuliza mambo ambayo mtu huyu huyu alikuwa akiyafanya mwezi mmoja kabla ya kuugua: kushuka shimoni, kupanda bodaboda mwenyewe kwenda sokoni, kuhesabu pesa za dhahabu, kusimama na kusema neno matangani.

Usidhani shida ni ya mizani za maneno tu. Presha, ambayo ndiyo adui mkuu wa mishipa hii, hupimwa kwa mashine na bado hutuchezea. Fungua daftari lolote la zamani la kliniki ambako presha ilisomwa kwa masikio: 120/80, 130/80, 140/90. Tarakimu ya mwisho ni sifuri kupita kiasi, maana msomaji hukadiria kwenye namba ya duara iliyo karibu. Na kwa kuwa mpaka wa presha ya juu ni 140/90, kukadiria huko huwavusha watu mpaka huku au kule. Geoffrey Rose na wenzake wa London walikereka vya kutosha hata wakabuni, mwaka 1964, kifaa ambacho msomaji hawezi kujua amepata namba gani hadi amalize kupima. Mashine za betri zimepunguza tatizo hilo na kuacha jingine: mkanda mdogo kwenye mkono mnene wa mchimbaji husoma juu kuliko ukweli, na husoma hivyo kila mara. Kipimo hicho ni thabiti, tena ni cha uongo.

Uthabiti, basi, ni sharti la kwanza tu. La pili ni kama kipimo kinashika kile tunachokitaka, na kwa hilo mfano wangu bora uko kisiwani Rusinga, kaunti ya Homa Bay.

Kati ya 2012 na 2015, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, na wa chuo kikuu cha Wageningen, akiwemo Willem Takken, waliweka mitego ya mbu kwenye nyumba za kisiwa hicho, hatua kwa hatua, kundi moja la nyumba baada ya jingine. Mtego hutoa harufu inayofanana na ya binadamu na huendeshwa na umeme wa jua. Paneli hiyo hiyo iliipa kila nyumba taa na mahali pa kuchajia simu. Mradi uliitwa SolarMal. Matokeo yalitoka katika Lancet mwaka 2016, na yanafaa kusomwa polepole. Mbu aina ya Anopheles funestus walipungua kwa karibu asilimia 69. Watu waliokutwa na malaria kwa kipimo cha haraka walikuwa asilimia 23.7 kwenye maeneo yenye mitego na 34.5 kwenye maeneo ambayo bado. Lakini homa za malaria, wagonjwa waliougua hasa, zilikuwa chache mno kuhesabika: makadirio ya faida yalitandaa kutoka madhara makubwa hadi kinga kubwa, kiasi kwamba hayakusema lolote.

Mitego ilifanya kazi au haikufanya? Inategemea umeuliza kwa kipimo kipi. Kipimo cha haraka ni thabiti kwa kiwango cha kuridhisha: mstari upo au haupo, na muuguzi wa Rusinga na wa Masara watausoma sawa. Lakini kinanusa protini ya kimelea ambayo hubaki damuni wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa, kwa hiyo kinahesabu na waliokwisha kupona. Homa ya malaria ndiyo jambo lenyewe ambalo mama anataka liishe, lakini kuinasa kunategemea mpimaji awe amefika siku ambayo mtoto ana joto. Hii ndiyo biashara ya kila siku ya fani yetu: kipimo kilicho rahisi kukubaliana juu yake mara nyingi kiko mbali kidogo na maumivu ya mtu, na kilicho karibu na maumivu huponyoka. Watafiti wa Rusinga nawapa heshima kwa kuchapisha vyote viwili.

Wengine husema tuachane na haya, tuhesabu vifo, maana hakuna wapimaji wanaobishana kama mtu amekufa. Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya malaria ya RTS,S, uzinduzi ukifanyika Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, tathmini ya nchi tatu, pamoja na Ghana na Malawi, iliegemea vifo vya watoto, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba vilipungua kwa asilimia 13. Naikubali namba hiyo. Ila kifo nacho lazima kiripotiwe na mtu wa kijijini, umri wa mtoto uulizwe kwa mama mwenye msiba, na ikitakiwa sababu ya kifo, hapo mabishano hurudi kwa nguvu zote, kwa kuwa wanaoitafuta sababu hiyo katika maelezo ya wafiwa nao hukosana, kama wale wa Rankin. Kwa aneurizimu, aliyefia njiani kabla ya kufika Kisii haingii kwenye utafiti wowote wa hospitali, na hospitali itaonekana inaponya vizuri kuliko inavyoponya.

Kazi ya kwanza ambayo msomaji wa Migori anaweza kuifanya bila kusubiri wafadhili ni utafiti mdogo wa makubaliano. Tafuta wagonjwa wa kiharusi walioruhusiwa kwenda nyumbani, wanaotosha kujaza daraja zote za mizani na si waliopona tu, maana tumeona kapa inavyoharibika kundi likiegemea upande mmoja. Chagua wahojaji wawili wasiofanana, mmoja mwenyeji na mmoja mgeni, na uandike kabla ya kuanza ni tofauti gani utaiita kubwa. Muda kati ya mahojiano mawili ndio ugomvi wenyewe. Yakifanyika siku moja, mgonjwa hurudia jioni aliyoyasema asubuhi. Yakitenganishwa kwa mwezi, huenda kweli hali imebadilika, na utawalaumu wahojaji kwa nafuu aliyoipata mgonjwa. Wengi hukaa kati ya wiki moja na mbili. Kwa mgonjwa aliyetoka hospitali hivi karibuni, ambaye bado anabadilika haraka, ningechukua wiki moja au pungufu, na kwa aliyetimiza mwaka ningeruhusu mbili. Hesabu ya idadi ya wagonjwa inayotakiwa iko katika sura ya kwanza.